Mwaka Niliomwaga Chakula cha Mama Khisa

Mama Khisa alifariki mwezi wa Februari, na kwa kuwa goti langu halikubali tena safari ya siku nzima, sikwenda kumzika kwao magharibi. Nilikwenda Embulbul, kwenye nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho, ambako binti yake Nafula alikuwa ameandaa maombi ya jioni kabla ya mwili kusafirishwa. Waliofika wengi walikuwa vijana nisiowajua. Nafula alinishika bega akaniomba niseme machache. "Dakika tano tu, anti. Hapa ni wewe tu unamjua wa zamani." Nikasimama, nikasema kwamba marehemu alikuwa jirani mwema na mpishi hodari, nikaketi. Watu wakaitikia amina, kwa adabu ya watu waliosikia maneno hayo katika kila matanga. Kwa dakika tano nisingeweza kusema zaidi, na kwa kweli hata ningepewa saa tano ningeona haya. Sasa nimestaafu mapema kwa ajili ya goti hilo, nina kalamu na nina wakati, na hakuna mtu anayenitazama usoni ninapoandika.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1999. Nilikotoka na walionizaa nitawaruka, maana ndugu zangu huyasimulia hayo bila kuombwa. Inatosha kujua kwamba jina langu ni Mumbua, Mkamba, na kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mmoja nilipopata kazi katika hoteli ya nyama choma pale Kitengela, karibu na soko la mifugo. Kitengela ya wakati huo ilikuwa bado haijaamua kuwa mji. Kulikuwa na barabara ya lami na maduka pande mbili, vichinjio nyuma ya maduka, na baada ya hapo nyasi mpaka macho yachoke. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua viatu. Nilipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba nane vya mabati, vinne huku na vinne kule, na katikati uwanja mdogo wenye mfereji mmoja na kamba za nguo. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa bati moja. Nilijua jirani akigeuka kitandani, naye bila shaka alijua nikilia kwa kukumbuka nyumbani. Jirani huyo ndiye Mama Khisa.

Mume wake alikuwa karani katika kiwanda kimoja Athi River, mtu mpole aliyepiga pasi shati lake mwenyewe. Watoto walikuwa wawili, Khisa na Nafula, na wa tatu alikuwa njiani. Chini ya kitanda chao kulikuwa na sufuria tano kubwa, kila moja ya kutosha kumwogesha mtoto, na hizo ndizo zilizokuwa kazi ya Mama Khisa. Alipikia harusi, matanga, na mikutano ya akina mama wa kanisa. Alipenda kazi ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akipenda kazi. Siku ya pili tangu nihamie, aligonga mlango akiwa na sahani ya bati iliyofunikwa na sahani nyingine. "Karibu ploti," alisema. "Kula. Unakaa ni kama upepo inaweza kukubeba." Tangu siku hiyo, mara mbili au tatu kwa wiki, sahani ilikuja. Katika ploti yetu sahani ya jirani haikurudishwa tupu, kwa hivyo mimi niliirudisha na nyanya mbili, au kikombe cha sukari, au mfupa wenye nyama niliopewa kazini. Hakuna aliyetufundisha hayo, na hakuna aliyeuliza sahani ilikuwa na nini. Kumuuliza mpishi ametia nini kwenye chakula chake kulikuwa sawa na kumwambia humwamini.

Jioni moja ya Aprili sahani ilikuja na ugali na mboga ya kunde katika mchuzi mzito wa rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Ulikuwa mtamu sana. Nakumbuka nilikuwa nimeketi kitandani, kwa sababu kiti sikuwa nacho, na taa ya mafuta ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikumaliza hata nusu. Midomo ilianza kuwasha, kisha masikio, kwa ndani kabisa ambako kidole hakifiki. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona mtu mwingine, macho yamefura, mdomo wa juu umegeuka nje. Nikapiga bati kwa ngumi. Mama Khisa alikuja mbio, akanifungua vifungo, akaniketisha nje kwenye hewa na kunipepea na mfuniko wa sufuria mpaka uvimbe ulipoanza kushuka. Alichukua ile sahani iliyobaki na kuondoka nayo. Baadaye kidogo, kupitia bati, nilimsikia akimwambia mumewe, "Nilimpa tu kunde." Mume akasema, "Basi nyamaza. Usiseme kitu kwa mtu." Nilikaa gizani nikayarudia maneno hayo mpaka yakawa na maana mbaya.

Kanisani, mwenyekiti wa akina mama alikuwa Mama Mwende, mtu wa kwetu, mama wa kimo kirefu na sauti ya kuongoza nyimbo. Nilimweleza kuhusu uvimbe, na kuhusu maneno niliyoyasikia kupitia bati. Angalau hayo mawili ningaliweza kuyatenganisha. Alinivuta nyuma ya jiko la kanisa. "Mumbua mwanangu, wewe unalishwa kitu," alisema. "Mtu akikupatia chakula bure kila wiki, ata siku moja hujajiuliza anataka nini?" Lazima niseme kwamba sisi Wakamba tulikuwa tumezoea kuwa watu wa kusingiziwa. Kuku wa mtu akifa ghafla, macho yaligeukia mlango wa Mkamba. Kwa hiyo kulikuwa na raha fulani, na sijivunii kuikiri, katika kuona kwamba safari hii kidole kinaelekea kwingine. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilimwacha Mama Mwende aendelee.

Mwezi wa Juni ikatokea tena. Nilikuwa nimetoka Nairobi kununua viatu. Jioni nikala maharagwe ya Mama Khisa, na kabla sijaosha sahani, ngozi ya mikono yote ilijaa vipele vikubwa na sauti ikakwama. Safari hii sikupiga bati. Nilijilaza chini kwenye sakafu baridi nikangoja, nikiwa na hakika kabisa. Toka siku hiyo sikula tena chakula chake. Sahani ilipokuja nilisema asante, nikafunga mlango, nikaketi kwa muda ambao mtu angetumia kula, kisha nikaifunika kwa kanga na kwenda nayo chooni. Nilimwaga ugali, maharagwe, kuku wa sikukuu, wali wa siku Nafula alipofanya vizuri shuleni. Kisha nikaosha sahani vizuri, nikaweka nyanya mbili juu, nikamrudishia. "Umeshiba?" aliuliza kila mara. "Nimeshiba, Mama Khisa." Njaa ilikuwa ikiniuma nikisema hivyo.

Mwezi wa Julai kulikuwa na harusi kubwa ya kanisa, na kwa mara ya kwanza mpishi alitafutwa kutoka Ngong. Hakuna aliyemwambia Mama Khisa sababu. Mama Mwende alimwambia tu kwamba kwa hali yake ya ujauzito afadhali apumzike. Agosti kulikuwa na matanga, na hapo pia akapumzishwa. Watoto wa ploti walianza kuitwa nyumbani na mama zao Nafula alipotoka na kikombe cha uji. Sufuria zilibaki chini ya kitanda, na siku moja nilimwona akizitoa zote tano, akizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa, na kuzirudisha. Nilikuwa nikianika nguo hatua nne kutoka kwake. Neno langu moja lingeweza kufaa siku ile, lakini nililimeza. Alijifungua Septemba, na hata baada ya hapo sahani haikuacha kuja.

Kazini, Septemba hiyohiyo, mchomaji wetu aliacha kazi na akaja mwingine aitwaye Wafula. Nyama yake haikuwa tofauti na ya mwenzake, lakini pilipili yake ilifanya watu wavuke barabara. Ya yule wa kwanza ilikuwa maji mekundu. Ya Wafula ilikuwa nzito, inang'ang'ania nyama, na ilikaa kwenye makopo ya plastiki katika kila meza. Siku ya kwanza alinidondoshea tone kwenye kiganja nionje, kama wapishi wetu wanavyoonja mchuzi wote. Nikalilamba. Ulimi uliwaka, midomo ikawaka, na kiganjani pakabaki duara jekundu lililowasha mpaka jioni. Wafula alicheka akashika kiuno. "Mkamba wa aina gani huyu hawezi pilipili?" Wateja nao wakacheka, hata tajiri wetu, mzee wa Kimaasai tuliyemwita Baba Nasieku, ambaye kwa kawaida alicheka kwa macho tu. Nikacheka pia. Pilipili kazi yake ni kuwasha, na mtu hawezi kumshtaki mwizi kwa kuwa na mikono.

Nimefikiri sana juu ya duara lile. Leo najua kwamba kitu kibaya hakipati maficho bora kuliko ndani ya pilipili, kwa sababu dalili zake zote zina maelezo tayari. Midomo ikifura ni ukali, jasho likitoka ni ukali, na ukikohoa unapewa maji na mzaha. Vivyo hivyo mchuzi wowote wa kupakwa juu ya chakula. Nyama unaiona na mboga unaijua, lakini kile kijiko cha mwisho cha kuongeza ladha hakuna anayekihesabu kuwa chakula. Siku hizi huwa na sindano yangu ya dharura mkobani na kioo cha kukuza maandishi, na ninasimama dukani nikisoma chupa za sosi kama mtu anayesoma wosia, wauzaji wakinipita kwa subira. Harusini huenda jikoni kwanza kabla ya kumsalimia bibi harusi. Watu wa kwetu huita hiyo kujisikia. Mimi nimezoea.

Ilikuwa siku ya soko mwezi wa Oktoba. Hoteli ilifurika wauza ng'ombe tangu asubuhi, na mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Saa nane hivi nilikuta ubavu wa mbuzi umebaki kwenye ubao, umeshamwagiwa pilipili, mteja ameitwa kwenye mnada akauacha. Nikasimama palepale nikala haraka, vidole na vyote. Kumbukumbu inayofuata ni ya mguu wa meza. Nilikuwa chini. Hewa ilikuwa inaingia kidogo sana, na ilipoingia ilipiga filimbi. Nilisikia mtu akisema nimekabwa na mfupa, mwingine akisema nipewe maziwa, na Wafula akiita jina langu kwa sauti ya mtoto. Baba Nasieku alikuwa amewasha pikapu yake arudi kwake upande wa Kajiado. Alinibeba kama mwana-kondoo mgonjwa. Kwenye kliniki ndogo ya hapo mjini nilichomwa sindano ya paja, na moyo ukapiga mbio, lakini koo likafunguka. Mhudumu akamwambia mzee asinirudishe nyumbani. Nipelekwe hospitali nikalale huko, kwani inaweza kurudi. Mzee akasema, "Kajiado ndio njia yangu," akaendesha akinigusa bega kila baada ya dakika chache na kunisalimia kwa Kimaasai, "Supa?" Nami nilijitahidi kujibu, "Ipa," ili ajue bado nipo. Nilikuwa na hofu ya kufa, na niliogopa zaidi kufa nikiwa sijala kitu cha Mama Khisa siku hiyo wala wiki hiyo, kwa kuwa hilo lilimaanisha kwamba nilikuwa nimekosea.

Wodi ya Kajiado ilikuwa na vitanda vyembamba na dirisha lililotazama miti ya miiba. Uji ulikuja asubuhi katika jagi la bluu. Daktari aliyepita alikuwa mwanamke kijana, kalamu mbili nyweleni, mkali wa maneno. "Ulikula nini?" Nikamwambia nyama. "Nyama na nini?" Nyama tu. "Hakuna mtu anakula nyama tu," alisema. "Nyama na nini?" Alinipa karatasi na kuniambia niandike siku zote tatu, Aprili, Juni na Oktoba, kila kitu kilichopita mdomoni, hata cha kulamba, hata cha kutafuna njiani. Nilitumia siku nzima. Mama wa kitanda cha pili alidhani naandika barua ya mapenzi. Niliandika ugali, kunde, maharagwe, nyama, na nilipofika siku ile ya Juni nikakumbuka kwamba nikitoka Nairobi nilinunua kipande cha simsim, yaani ufuta, iliyoshikanishwa na sukari, nikakitafuna nikivuka uwanja wa ploti, na kukisahau kwa kuwa niliona ni peremende. Jioni daktari aliisoma karatasi akaweka kidole hapo. "Anza na hii," alisema. "Nenda uulize kama kwa pilipili kulikuwa na simsim. Na kwa zile kunde. Hii ni aleji. Usijaribu tena kuonja ndio ujue. Uliza kwanza, na hata kijiko kilichochovywa huko kisiguse sahani yako." Nikasema huwezi kumuuliza mtu ametia nini kwenye chakula chake. Akanirudishia karatasi. "Basi utakufa na heshima," alisema, akaenda kitanda kingine.

Niliporudi Kitengela nilianzia kwa Wafula. Aliniambia bila kusita, kwa kuwa haikuwa siri, ni vile tu hakuna aliyewahi kumuuliza. "Simsim, dada. Unakaanga, unasaga, unaweka mwisho. Bila hiyo pilipili inateleza." Kisha akaelewa ninachouliza, akaketi chini juu ya debe la makaa. Nilimwacha hapo nikaenda ploti karibu nikimbia. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonikasirisha nikikumbuka. Nilidhani nampelekea Mama Khisa zawadi.

Nilimkuta mlangoni kwake akichambua maharagwe kwenye ungo, mtoto mchanga akiwa mgongoni. Nikachuchumaa mbele yake. "Mama Khisa, wamejua ni nini. Ni simsim. Mimi simsim inanidhuru."

"Najua," alisema, akaendelea kuchambua.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu hio siku ya kunde. Niko na mtoto wa ndugu yangu huko nyumbani hivyo hivyo. Akikula simsim anafura hadi macho inapotea. Nilipokuona tu nikajua." Alitupa jiwe dogo pembeni. "Sijaweka simsim kwa sufuria yangu kutoka hio siku. Watoto wamelia wakachoka. Ile chakula nimekuwa nakuletea haina simsim ata punje moja. Sahani yako niko nayo kando, naiosha kivyake."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo ndipo aliponyanyua macho, na nikaona amenikasirikia kwa muda mrefu, na kwamba alikuwa ameibeba hasira hiyo huku akinipikia. "Ningekuambia nini, Mumbua? Ati ni chakula yangu ilikufanya hivyo? Si hio ndio ningekuwa nimekubali nimekulisha sumu? Baba Khisa alisema ninyamaze. Nikanyamaza. Nikasema wacha nikupikie ile haina, utaona mwenyewe ukikula unakaa sawa, utajua mimi siko na ubaya." Alifunika ungo. "Lakini hukuwahi sema kitu."

Sikuwahi kusema kitu kwa sababu sikuwahi kula. Miezi minne ya sahani zilizopikwa kando kwa ajili yangu ilikuwa chooni, hatua ishirini kutoka pale tulipoketi. Hilo sikumwambia siku ile wala siku nyingine yoyote, na ndilo nililoshindwa kulisema Embulbul. Nilichomwambia ni kwamba nitamsafishia jina. Akasema, "Wewe?" bila kejeli yoyote, kama anayetaka tu kujua.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Mama Mwende habari yote nyuma ya jiko la kanisa, mpaka na ile karatasi nikamwonyesha. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. Nilipomaliza alishusha pumzi. "Kwa hivyo ilikuwa chakula yake," alisema. Nikarudia tena, polepole, kwamba simsim si sumu, kwamba wengine wote wanaila, kwamba ubaya uko kwenye damu yangu mimi. "Nimesikia," alisema. "Lakini si ni yeye aliiweka?" Kufikia jioni kanisa zima lilijua kwamba daktari wa Kajiado amethibitisha. Kwamba ukweli ungemtia hatiani, Mama Khisa alikuwa amelijua tangu Aprili, na mimi msomi wa karatasi ndiyo kwanza nalijifunza.

Ubatizo wa mtoto wake ulikuwa Desemba. Akina mama wote walifika, kwa kuwa ubatizo haususwi, wakaketi kwenye mabenchi uwanjani petu na kanga zao nzuri. Sufuria tano zilikuwa juu ya mawe, zinatoa mvuke. Mama mkwe wake alikuwa amefika jana yake kutoka magharibi na wazee wawili. Mama Mwende alikuja na thamosi yake ya chai na mandazi ndani ya ndoo, na wenzake wakawa wanachukua hayo. Nafula alipita na birika na beseni. Walinawa mikono, kila mmoja, wakashukuru, na kuirudisha mapajani. Mama Khisa alisimama kando ya moto na mwiko mkononi, amevaa gauni jipya, akingoja mtu wa kwanza ainuke. Hakuinuka mtu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Nikasema moyoni, maneno yamekataa, basi wataona kwa macho. Nikainuka, nikachukua sahani, nikakata ugali, nikajitekea mboga kutoka sufuria ya mwanzo. Kisha nikageuka kuyaelekea mabenchi ili wanione vizuri, nikamega tonge, nikachovya, nikainua.

Mwiko ulinipiga kwenye kifundo cha mkono. Sahani iliruka, na mboga ikamwagikia gauni langu na viatu vya Mama Mwende.

"Hio iko na simsim!" Mama Khisa alipaza sauti mpaka watu waliokuwa langoni wakageuka. "Iko na simsim, Mumbua! Unataka kunifia kwa ubatizo wa mtoto?"

Mtoto akaanza kulia. Mama Khisa alinivuta kwa mkono ule ule alioupiga, akaniinamisha juu ya beseni, akaanza kuniosha kwa sabuni, kidole kimoja kimoja.

"Umelamba?"

"Bado."

"Hio ni sufuria ya mama mkwe. Alikuja na simsim yake, amepikia wazee. Uliniuliza?"

"Hapana."

"Si ungeuliza!"

"Niliogopa utakasirika."

"Sasa nimekasirika!" alisema, na kweli alikuwa na machozi.

Nilitazama mabenchi kupitia maji ya beseni yaliyokuwa usoni mwangu, na nikaona akina mama wakitazamana. Kila mmoja wao alikuwa amekuja na hadithi moja kichwani kuhusu mwanamke anayelisha watu vitu, na sasa walikuwa wamemwona mwanamke huyo akiangusha chakula kutoka mdomoni pangu kwa mwiko. Mama Mwende aliitazama mboga kwenye viatu vyake. Hakuomba msamaha. Sikumsikia akiomba msamaha maishani mwake. Aliinuka, akachukua sahani safi, akaenda mpaka kwenye mawe.

"Na hii ingine, Mama Khisa," aliuliza, "iko na nini?"

Mama Khisa alijifuta macho kwa kiwiko. Akamtazama, kisha akafunua mfuniko. "Hii ni kuku. Iko na nyanya, kitunguu, dania na chumvi. Hakuna kitu ingine." Akafunua wa pili. "Hii ni wali, mafuta na chumvi peke yake." Alitaja kila kitu kwa sauti kubwa, mpaka na aina ya mafuta, na nyuma ya Mama Mwende benchi la kwanza likaanza kuinuka, kisha la pili. Wengine hawakuinuka, nakumbuka nyuso zao. Mama Mwende alijaza sahani, akaenda hadi sufuria ya mwisho, iliyokuwa imefunikwa na inachemka sana.

"Na hiyo?"

"Hio ni maji ya kuosha vyombo," alisema Mama Khisa. "Utaosha wewe."

Mama Mwende alikula kwanza, akamaliza, kisha akaosha.